Mtumbwi wa Watu Kumi na Wanane

Anatoli wa Mwanga, mjini Kigoma, hakuwa na mzani, wala hakuuhitaji. Ukimwendea akuvutie mzigo kwa ile pikapu yake kuukuu ya dizeli na trela lake, swali la kwanza lilikuwa moja tu: "Kinanyanyuliwa na watu wangapi?" Kilo ngapi hakuuliza, aliuliza watu. Mtu mzima mwenye afya, alisema, akipata pa kushika, hunyanyua kilo arobaini bila kujiumiza. Tangi la maji la kanisani lilikuwa la watu sita. Mashine ya kusaga ya mjane mmoja wa Gungu, watu tisa. Na pikapu yake ilivuta watu kumi na wanane, basi, hata aje nani.

Walimcheka, tena sana. Gari lilikuja na kitabu chake, na kitabu kilitaja uzito mkubwa zaidi ya huo karibu mara mbili.

"Kitabu kiliandikwa gari likiwa bibi harusi," alijibu Anatoli. "Sasa hivi lina wajukuu."

Wachukuzi wa Kibirizi, kule pwani ya ziwa, wakawa wakimwona anateremka na trela lake nusu tupu wanapiga kelele: "Subira yavuta heri, ila subira ya Anatoli haivuti kitu!" Naye anawapungia mkono, anacheka nao. Alikuwa mtu wa kutaniwa, Mungu amjalie, lakini kwenye hesabu hiyo alikuwa jiwe.

Kisa chenyewe hakikuwa cha kuchekwa. Zamani, akiendesha gari la tajiri, alipakia trela mpaka likafura, kwa kuwa gari lilikuwa linavuta. Lilivuta kweli! Lilipanda mlima wote bila kukohoa. Kwenye mteremko akakanyaga breki, na trela likakataa kusimama; likamsukuma yeye na gari lake hadi mtaroni. Mdogo wake Leonardi alikuwa amekaa juu ya mzigo. Leonardi yuko Ilagala mpaka leo, anashona nyavu, na mguu wake mmoja ni wa mti. "Kuvuta si kazi," Anatoli alikuwa akisema. "Kazi ni kusimama." Na akisema hivyo hakuwa anacheka.

Basi, kiangazi cha mwaka wa tisini na sita, watu wakawa wanakimbia vita na kushuka kutoka Burundi kila siku, wengine kwa miguu, wengine kwa maji kupitia Kagunga. Kibirizi ikajaa. Miongoni mwao alikuwamo mvuvi mmoja, Calixte, na mkewe Lyse na watoto. Walikuwa wamevuka watu kumi na mmoja ndani ya mtumbwi wa mbao ulioundwa na marehemu baba yake Calixte. Nyumba ilichomwa, ng'ombe wamekwenda, baba hakuzikwa na wanawe. Kilichobaki cha kwao chote kilikuwa mtumbwi huo.

Akaambiwa kwamba kesho asubuhi malori yanawapeleka kambini, mbali, bara, kusiko na ziwa. Na mtumbwi ukiachwa pwani bila mwenyewe, kila mtu alijua mwisho wake: leo unakatwa ubao mmoja, kesho miwili, keshokutwa ni kuni. Mtu akamwelekeza kwa Anatoli, ambaye ana uwanja mpana kule mlimani.

Anatoli alikubali hata kabla Calixte hajamaliza. "Utakaa kwangu mpaka utakaporudi. Sitaki kitu." Akateremsha pikapu na trela. Akawapanga wanaume kumi na wanane kuzunguka mtumbwi. Haya, moja, mbili, hooo! Mtumbwi haukusogea. Wakaongezwa wawili, wapi! Uliinuka walipofika ishirini na wanne, tena mishipa ya shingo ikiwa imewatoka.

Anatoli akapitisha kiganja kwenye mbao. Zilikuwa zimekunywa maji miaka na miaka. "Ndugu yangu," alisema kwa upole, "leo siwezi. Umelowa. Ukianikwa siku kumi utapungua, nami nitaupandisha."

"Kesho siko hapa, Muzee."

"Najua. Nitaupandisha wewe ukiwa hupo."

"Gari linavuta! Jaribu tu, utaona!"

"Litavuta. Likirudi nyuma, halitasimama."

Watu waliomwambia Calixte "kesho" katika miezi ile walikuwa wengi, na hakuna aliyeiona kesho yao. "Ubwato bwanje," alisema kwa lugha ya kwao, mtumbwi wangu, kisha akarudi kwenye Kiswahili chake ili asikike vizuri: "Unataka niondoke ndipo uuchukue. Si ungesema tu? Ni mwizi gani huyu anayejifanya mpole!"

Wachukuzi wote walilisikia neno hilo. Anatoli naye ana damu, jamani. Aliumia, macho yakamjaa maji mbele ya watu. Gari lilikuwa hapo, mlima ulikuwa hapo, na ingetosha kusema "haya" ili mtu huyu aondoke na moyo mweupe. Akawaza mguu wa Leonardi, akatikisa kichwa. Asubuhi lori liliondoka na Calixte hakumpungia mkono.

Alilala pwani siku kumi na moja, Anatoli huyo, kando ya mtumbwi wa mtu aliyemwita mwizi, asije mwingine akauiba kweli. Kila asubuhi aliwaita wachukuzi wakaugeuza upande kwa jua. Siku ya kumi na moja, watu kumi na wanane waliunyanyua. Akaupandisha polepole hadi kwake, akauweka kivulini juu ya magogo.

Sasa mtumbwi una tabia zake: ukikauka mno, mbao zinaachana, na ukirudi majini unakunywa ziwa. Kwa hiyo Melania, mke wa Anatoli, akatandaza magunia juu yake, na kila jioni, baada ya kuteka maji ya nyumbani, aliteka ndoo mbili nyingine na kuyalowesha. Majirani walimuuliza kama anamwagilia mtumbwi ili uote. "Labda utazaa," alijibu. Miaka tisa alifanya hivyo. Anatoli alituma salamu kambini kwa dereva wa lori: mtumbwi upo, salama. Salamu zilifika. Calixte alizisikia, akasema, mwizi anayetuma salamu ndiyo kwanza namwona.

Amani iliporudi Burundi, ikafika zamu yao ya kurudi kwao. Magari ya kuwarudisha yalilala Kigoma, yaondoke kesho yake asubuhi. Lyse ndiye aliyemsukuma mumewe: "Nenda ukamuulize. Tusivuke na kinyongo hiki." Wakapanda Mwanga, wakiulizia njia.

Walipoingia uwanjani walimkuta Melania na ndoo yake, akimwagia magunia maji.

Calixte alisimama. Alisogea, akafunua gunia moja, akaona mkono wa baba yake: pale misumari ilipopindwa kushoto, kwa sababu mzee alikuwa wa shoto. Mbao zimeshikana, hakuna ufa. Akapiga magoti palepale kwenye tope la ndoo, akalia kwa sauti kama mtoto. Anatoli alitoka ndani, mvi zimemjaa, akachuchumaa kando yake.

"Shikamoo, Muzee," Calixte alisema hatimaye. "Nilikuita mwizi."

"Marahaba. Uliniita kweli. Tena wachukuzi wamelitumia jina hilo miaka tisa, wamenichosha!"

Wakacheka huku machozi yanawatoka. Anatoli akaita majirani waupakie mtumbwi kwenye trela, ili Calixte avuke nao kesho yake, magari yakiondoka. Lakini alipokuwa anawapanga, uso wake ulianza kubadilika. Pikapu nayo ilikuwa imekula miaka tisa. Breki zake sasa alizihesabu za watu kumi na wanne. Na kurudi ziwani ni mteremko mtupu. Haya, moja, mbili, hooo! Kumi na wanne, haukusogea. Kumi na wanane ndio ukajitikisa kidogo. Maji ya Melania yalikuwa ndani ya kila ubao.

Anatoli akafuta mikono kwenye suruali. Kumwambia mtu huyu huyu neno lile lile, na magari yake yanaondoka kesho asubuhi!

Calixte alimwona. Akaanza kuondoa magunia, moja moja, akayakamua na kuyatundika uani, mpaka mtumbwi wote ukabaki wazi kwa jua. Kisha akamgeukia Lyse.

"Teremka ukawachukue watoto, uwaambie wa magari waondoke," alisema. "Sisi tunangoja ukauke."

Na kwa Melania, aliyekuwa bado ameshika ndoo tupu, akasema: "Shemeji, tutalala wapi?"