Tumngoje Kaka: Agnetha na Kombi Yake

Nikisikia mtu anamwita Byabato msomi, ungo wa dagaa unataka kunianguka mkononi. Mimi nauza dagaa hapa Kemondo. Kwenye mambo ya ukoo wao sina kiti, lakini mdomo ninao, na leo mtanisikia.

Byabato ni kaka mkubwa wa Kashaija, mume wa dada yangu. Ni mstaafu, anakaa Rwamishenye, na kule kwao Kamachumu hakuna mtoto wa ukoo anayekwenda kidato cha tano bila kupitia sebuleni kwake. Ndiyo desturi waliyojiwekea. Mnabeba kuku, mnapewa kahawa ya kutafuna, mnakaa kimya, halafu mzee anatamka kombi, yaani masomo matatu atakayosoma mtoto. Mtoto mwenyewe haulizwi. Mzazi anasema, "Asante, waitu," kwa heshima ya Kihaya, mnarudi nyumbani.

Sasa Agnetha, mtoto wa dada yangu, anataka kusomea Uchumi. Si tamaa ya juzi. Kila likizo anakuja kukaa na mimi, na maswali yake hayaishi: kwa nini dagaa wakijaa mwaloni, boti zinaposhusha, sisi wachuuzi ndio tunaoumia, na wenye malori wanaondoka wanacheka? Nikamwambia, mwanangu, sijui, kasome uje unieleze.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alikuwa na B ya Hesabu. Mwalimu wake, Mwesiga, akamwita. "HGK haikufikishi kwenye Uchumi," akamwambia. "Hesabu unaiweza. Hamia EGM, na uhame sasa, dirisha la kubadilisha mtandaoni halikai wazi."

HGK ni Historia, Jiografia na Kiswahili. Hiyo ndiyo aliyochaguliwa na Byabato tangu mwanzo, eti msichana akisoma Hesabu itamharibia divisheni. EGM ni Uchumi, Jiografia na Hesabu. Kuhama ni kubonyeza simu tu!

Lakini Byabato alikuwa Dar es Salaam, harusini. Kashaija akasema, "Tumngoje kaka. Siwezi kumruka."

"Si umpigie simu?"

Akanitazama utadhani nimemtukania mama yake. "Shemeji, jambo la mtoto halisemwi kwenye simu. Linataka watu wakae."

Wakae! Agnetha analia, nywila ya kuingilia mtandaoni anayo baba yake, mimi natokwa povu, na harusi inaendelea. Ilipoisha, mzee akabaki huko kusalimia marafiki. Ngoja ngoja huumiza matumbo, hilo hata mtoto wa chekechea analijua, ila huyo shemeji yangu halijui.

Hatimaye akarudi. Kuku akabebwa, na mimi nikajipeleka bila kualikwa. Byabato akamsikiliza mdogo wake akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Hesabu si ya kila mtu."

"Na Annastella je?" nikamuuliza. Annastella ni binti yake wa kuzaa. Alisoma EGM, akasomea Uchumi chuoni, sasa yuko benki Mwanza.

"Annastella alikuwa na kichwa," akanijibu. "Na wewe, shemeji, rudi kwenye dagaa zako."

Agnetha aliinamisha uso. Nadhani mzee aliona haya kidogo, maana alikohoa, akasema, "Haya basi. Nimemruhusu, abadilishe."

Kashaija akashukuru sana, akafungua simu palepale. Dirisha lilikuwa limefungwa jana yake. Na shule za kulipia hatuna ubavu nazo.

"Ni mpango wa Mungu," akasema Byabato.

Mpango wa Mungu! Kwani Mungu ndiye aliyekuwa anacheza muziki harusini?

Jumapili iliyofuata wakaenda kanisani kumshukuru huyo Mungu waliyemsingizia, kwa kuwa Agnetha anakwenda kidato cha tano. Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka, kuku, miwa na ndizi, nje ya kanisa kama kawaida. Mkungu wa Kashaija ukanyanyuliwa, Byabato akapandisha bei mpaka akina mama wakapiga vigelegele, ukawa wake. Mzee wa kanisa akampa Agnetha kipaza sauti. "Binti, waambie washarika unakwenda kusomea nini."

Agnetha alikishika kwa mikono miwili. "Nakwenda kusoma nilichochaguliwa na baba mkubwa," akasema. "Mimi niliomba Uchumi. Uchumi alimpa Annastella."

Vigelegele vikakatika. Mnadi akaokota kuku haraka haraka, akaanza kutaja bei.

Byabato akasimama kando ya mkungu wake, akisubiri mtu wa kumbebea mpaka kwenye gari, maana kwetu mzee wa heshima habebi mkungu. Akamwangalia Kashaija. Siku zote Kashaija ndiye anayebeba.

Kashaija alimshika binti yake mkono, wakaondoka kwa miguu.