Tithi Mbili kwa Siku Moja

Pratigya Amatya wa mji wa Patan hakuwa na makuu, ila jambo moja tu lilimkera: programu yake kuzimika mbele ya watu. Kalenda aliyoitengeneza ilikuwa kwenye simu za nusu ya mtaa, na watu wa mtaa ule wana midomo. Kila alfajiri simu iliiuliza seva, seva ikatuma tithi, yaani siku za mwezi mwandamo, na simu ikazisoma na kumkumbusha kila mtu shraddha, ibada ya kila mwaka, ya marehemu wake. Ilikumbusha mapema, ili mtu apate kuacha nyama na vitunguu. Kuhani wa nyumba alikuwa nayo. Mama yake alikuwa nayo, na kalenda ya karatasi alishaibandua ukutani akawashia jiko.

Kwa hofu ya kuzimika, Pratigya aliiwekea programu amri moja ya kiungwana: ukikuta kitu usichokielewa, kiache, endelea. Aliiona ni adabu njema. Wengi wetu tunaishi hivyo hivyo, na hakuna anayetuandikia malalamiko.

Shraddha ya baba ni kazi ya mtoto wa kiume, lakini kaka yake, Nishchal, alikuwa ameshahamia Sydney. Baba Mkubwa Tirtha akataka aachiwe yeye. "Binti atasahau," alisema mbele ya ukoo mzima. Mama akamjibu kwamba binti huyo amemzaa yeye, na ndiye atakayefanya, kesi ikaishia hapo. Tangu hapo Pratigya alipiga magoti mwenyewe na kumlisha marehemu baba yake madonge ya wali kwa mkono wake. Hakuna alichojivunia kama hicho, na alijua wazi kwamba akikosea mara moja tu, atanyang'anywa.

Ikawa siku moja ya baridi, yuko ofisini Pulchowk anakula, likaingia lalamiko la mtu wa Kirtipur: "Tithi ya mama yangu ni leo, na kwenye programu haipo." Pratigya akajibu kama wajibuvyo watu wa kompyuta, yaani bila kuangalia: "Tafadhali sasisha programu."

Jibu halikukawia. "Nimesasisha. Mama bado amekufa, na tithi bado haipo."

Hapo akasogeza pembeni chatamari yake, mkate mwembamba wa mchele wenye mayai na nyama ya kusaga, akafungua kile kilichotumwa na seva chenyewe, kabla simu haijakigusa. Kumbe mwezi ulikuwa umeenda mbio, tithi mbili zikaangukia jua moja. Hutokea. Hata yeye alilijua tangu utotoni, ila siku ya kuandika programu halikumpitia kichwani. Seva, iliyozoea kutuma jina moja, kwa siku ya leo ilituma orodha yenye majina mawili: ya saba na ya nane. Simu ilitarajia jina, ikakuta orodha, haikuelewa, ikaacha, ikaendelea. Siku nzima ikabaki tupu, kwa adabu njema kabisa.

Ya nane, mwezi ukipungua, katika mwezi wa Mangsir. Akaisoma tena. Baba yake alifariki tithi hiyo. Tithi huhamahama kila mwaka, naye alikuwa ametulia akingoja kengele. Nyama ilikuwa bado mdomoni. Akaitema kwenye karatasi, akampigia kuhani.

"Guru, leo ndiyo shraddha ya baba."

"Leo? Mbona simu haijaniambia?"

"Najua. Unaweza kuja?"

Kuhani akakohoa. "Mwanangu, mimi nimeshakula mbuzi. Nimekula sana. Wewe je?"

"Mimi pia."

"Basi ngoja aunsi, wiki ijayo, mwezi ukiisha kabisa. Aliyepitiwa na tithi hufanyiwa siku hiyo, sheria inaruhusu." Kisha akashusha sauti. "Na zile nyumba zangu nyingine za leo?"

"Zipigie, Guru. Waambie kosa ni langu."

Aliandika maneno hayo hayo kwenye simu zote zenye programu, akatia jina lake chini, akapanda skuta kwenda nyumbani. Mama alikuwa jikoni, ghorofa ya juu, anamenya vitunguu saumu.

"Mama, leo ni tithi ya baba."

Mama akaendelea kumenya. "Simu haijalia."

"Seva ilituma. Simu ndiyo iliyotupa."

"Nani aliiambia itupe?"

"Mimi."

Kisu kikawekwa chini. "Umesoma miaka yote ile uje umtupe baba yako?"

Pratigya akalia, kilio cha kweli, cha kamasi. Mama alimwacha alie mpaka amalize.

"Baba Mkubwa atasema si aliniambia," Pratigya alisema.

"Tirtha? Si anatumia hiyo hiyo programu yako? Aliyesahauliwa ni ndugu yake wa tumbo moja, na hivi sasa yuko kwake anashindilia momo za nyama. Aje hapa afungue huo mdomo, nimuulize kala nini leo."

Mama akanawa mikono kuondoa harufu ya saumu, akamshika binti mkono, akampeleka mbele ya picha ya marehemu. "Mwambie mwenyewe. Mimi seva siijui."

Pratigya akamweleza baba yake yote, jina moja, orodha, ile amri ya kunyamaza. Mama alisikiliza kwa makini kuliko mkubwa yeyote wa ofisini.

"Kasemaje?"

"Hajasema kitu."

"Ndivyo anavyokasirika huyo. Hadi aunsi atakuwa kapoa."

Pratigya akafuta uso, akatoa simu. "Ngoja nikuwekee kengele ya aunsi, usije ukasa..."

"Usiweke," mama alisema. "Huyu ni mume wangu. Nitamhesabia siku mwenyewe."

Akakunjua mkono, akaanza na kidole gumba.