Pengo Katika Sikio la Twiga

Nthoki alikuwa na hasira kabla hajajua sababu yake. Hata jina lake hakulijua. Ndani ya ua mmoja wa mtaa wa Tassia, mwenye ua, Nzau, aliwabandika vijana wake wote majina aliyotaka yeye. Huyu alimwita Norah, na kila alipoitwa hivyo binti alitamani kumrushia kitu.

Hakuna kijana mle aliyekumbuka alikotoka. Asubuhi Nzau aliwaombea, akawanywesha uji mchungu, kisha wakapiga vinyago msasa na kuvipaka kiwi ya viatu ving'ae, hadi jioni. Majirani waliwasikia wakikohoa. Lakini mjini hapa ukuta mrefu huheshimiwa kuliko mtoto wa mtu.

"Sistee, hiyo uji ndio inatufuta," kijana aliyeitwa Johnson alimnong'oneza. "Mimi namwaga. Jana nimekumbuka mbwa wetu."

Binti naye akaanza kumwaga wake kwenye maranda. Kumbukumbu hazikurudi, ila mikono ilirudi. Siku fundi aliyemchongea Nzau vinyago alipoacha chini tezo, kishoka chake cha kuchongea, binti aliiokota, akamchonga twiga aliyekuwa bado gogo, na kwenye sikio la kushoto akaacha pengo dogo. Kwa nini, hakujua. Nzau, ambaye hajachonga hata mwiko, aliona twiga mzuri tu, akampeleka sokoni.

Siku za mwizi ni arobaini. Mbithi, mchongaji wa mtaa wa Ziwani, alimkuta twiga yule kwenye meza ya mtu. Pengo lile lilikuwa alama ya nyumba yake tangu enzi za babu yake, na yeye hakuwa amemchonga. Alimbana mwenye meza mpaka akasema mzigo ulitoka wapi.

Alikuja na wachongaji wenzake, wakang'oa geti, wakamkalisha Nzau chini.

"Nthoki, mwanangu."

Binti akamtazama. Hakumjua. Mzee akatoa tezo kwenye mfuko wake.

"Shika basi. Ni yako."

Mpini ulipogusa kiganja chake, kofi la zamani likamrudia akilini. Mkono ule ule, tezo ile ile, na maneno: wasichana hawachongi, wao ni wa msasa. Alikuwa ametoka nyumbani kwa ajili ya kofi hilo, na njiani akakutana na Nzau na ahadi zake za kazi. Hasira yote aliyoilea bila kujua ni ya nani, sasa mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake akilia.

"Ulinipiga," akasema.

"Nilikupiga."

Hakumsamehe. Alimpita na tezo mkononi hadi stoo, alikofungiwa Johnson tangu uji wake ulipoonekana kwenye maranda, akaanza kuupasua mlango. Mbithi alipokuja kumsaidia, binti alimwambia akae kando.

"Nani huyo?" Johnson akauliza kutoka ndani. "Ni wewe, Norah?"

"Nthoki," akajibu, akapiga tena.