Diski Isiyo na Alama Yangu

Shule mimi niliishia darasa la tano, wala sioni haya kulisema. Nilitoka Handeni nikisukuma baiskeli ya mkaa, na leo nina duka la spea za pikipiki hapa Manundu, Korogwe, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza mtaani petu kuezekwa bati la rangi. Kompyuta nayo nilinunua mwenyewe nikajifunza mwenyewe. Wako waliosoma ambao kitu kikigoma wanakaa kukitazama. Mimi nakitafuta kilipo.

Ndani ya kompyuta hiyo nilimtunza mama. Alipougua nilimleta kwangu, na kila asubuhi akiwa na nguvu nilimrekodi kwa simu, akisema Kizigua kile cha zamani ambacho wanangu hawakijui. Alisimulia ukoo wetu ulivyofika Handeni, akataja wazee mmoja baada ya mwingine, majina tunayoyaita makaburini siku ya tambiko. Simu ilipojaa nilihamishia kila kitu kwenye kompyuta, nikafuta kwenye simu. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba, wa kuyaita siku hiyo ni mimi, na majina yale kichwani sikuwa nayo. Niliona ya nini kukariri kitu nilichokwisha kukihifadhi?

Sasa nimtaje mtani wangu. Ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa huku kukata mkonge, na yeye ana kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na stendi. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zamani, na sisi wawili tulizidisha. Hatukuwahi kusalimiana kama watu. Akiniona ananiuliza nimemwibia nani shati. Nami namwambia babu yake alikuja kwa mkonge akasahau njia ya kurudi. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wengine, na nasema hivyo nikijua watasoma.

Mama alifariki nyumbani kwangu. Watu wamekaa kwenye mikeka, tunangoja gari la kumpeleka Handeni, mtani akaingia sebuleni, akachomoa boksi la kompyuta, akatoka nalo kichwani huku akipiga kelele kwamba Mzigua ameficha mali ya marehemu na asiyeikomboa hataiona tena. Ndiyo haki ya mtani msibani. Wengine hubeba sufuria, wengine hulala mlangoni maiti isitoke. Nilicheka machozi yakinitoka. Mtu wa namna hiyo akikuchukulia kitu humwulizi, unakwenda kukikomboa. Tuliporudi kutoka maziko nikampelekea jogoo, naye akaleta boksi langu hadi mlangoni, akasema jogoo mwenyewe amekonda kama mwenye nyumba.

Baada ya hapo ndipo kompyuta ilipoanza vituko. Naandika hesabu za bidhaa, nahifadhi, inaniambia imeshindwa kuandika kwenye diski. Nazima, nawasha, inakubali mara moja, halafu inakataa. Picha za maziko nilizotaka kuziweka humo zikaingia nusu.

Pikipiki isipowaka huanzi kufungua injini. Unaanza na plagi. Nikadhani diski imejaa, nikafuta filamu zote. Ikakataa. Nikadhani virusi, nikasafisha. Ikakataa. Nikahifadhi faili lile lile kwenye flashi, likakaa vizuri, nikajua faili halina kosa na programu haina kosa. Nikaiambia kompyuta ikague diski yenyewe. Ikafika katikati ikaganda, na ndani nikasikia ko, ko, ko, kama beringi iliyokwisha.

Hatua zote hizo nilikuwa nampigia mtani simu. Kwanza alisema ni vumbi. Kisha akasema ni umeme wa Korogwe, unapanda na kushuka. Mwishoni akasema niache kujisumbua, nifute diski yote nianze upya, atanisaidia yeye mwenyewe.

"Na sauti ya mama?" nikamwuliza.

"Mtani, mama yako hata akiwa hai ulikuwa humsikilizi."

Nikacheka. Hapo nilicheka kweli. Lakini kufuta sikukubali.

Ilibaki kubadilisha waya wa diski. Nikafungua boksi mchana, mlango wazi ili nipate mwanga. Lazima nieleze jambo moja. Kila spea inayotoka dukani kwangu naitia tone la rangi nyekundu ya kucha, mahali ambapo mteja haangalii, ili akiirudisha nijue kama ni yangu au amenibadilishia. Ni akili yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Na kila kitu cha nyumbani kwangu kina tone hilo pia, hadi jembe. Diski ile niliitia kwenye kona nilipoinunua mpya.

Diski iliyokuwa mle ndani haikuwa na tone. Kona zake zilikuwa zimechubuka, na kibandiko kimefifia. Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Nilitamani rangi iwe imefutika. Rangi ya kucha haifutiki hivyo, mimi ndiye ninayejua.

Nikaiweka kwenye mfuko wa shati nikaenda kibandani. Aliponiona tu akaanza, "Leo nimeletewa maiti gani?" Nikaweka diski mezani, nikamwonyesha kona. Alicheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki.

Alisema duka moja la steshenari kule Masuguru lilikuwa linamsukuma, wanataka diski nzuri, na yangu ilikuwa mkononi mwake. Vitu vyangu vyote alikuwa amevihamishia kwenye hii. Alidhani ingedumu. Nilipomwuliza ile ya kwangu ilipo, akasema wameshaifuta, wanatunza humo kazi za wateja.

"Na uliniambia nifute na hii."

Alisema, "Lakini ulishalikomboa boksi, mtani. Yale ni mambo ya msibani."

Ningekasirika kama angekuwa mwizi wa kawaida. Mwizi huvunja mlango. Huyu alipitia mlango niliomfungulia mwenyewe, watu wakishuhudia, nami nikamwongezea jogoo.

Niliichukua diski nikarudi nyumbani kuokoa kilichobaki. Niliiacha diski ipoe, nikahamisha kipande kimoja kimoja kwenye flashi, ikigoma naipumzisha. Fundi yeyote anayejisifu aje aone kazi ile. Nyimbo alizoniimbia mama zilipona, na kisa cha safari ya ukoo kilipona. Kile cha majina kilifunguka. Mama anakohoa, anaomba maji, anaanza kuhesabu wazee kutoka kwa baba yake kwenda juu. Anafika kwa mmoja, anasema, "Na huyo kazaliwa na," sauti inakatika. Nilirudia kukihamisha hadi diski ikanyamaza kabisa.

Arobaini tulifanyia Handeni. Makaburini nilitaja majina hadi pale alipoishia mama kwenye rekodi, nikanyamaza, na hapakuwa na mkubwa wa kunimalizia. Tuliporudi uani kula, mtani akatokea. Alikuwa amepanda gari toka Korogwe. Akasimama penye lango, akapaza sauti watu wote wasikie:

"Nyie Wazigua, mmepika wali kiasi hiki, mmeuza nini? Au mmemuuza huyu aliyekonda kama jogoo wake?"

Watu walicheka, wakanigeukia. Walijua zamu ni yangu, na walijua sijawahi kushindwa. Maneno nilikuwa nayo, tena matamu, yalikuwa yamefika mdomoni yenyewe.

Nikasimama nikampa mkono. "Karibu, bwana," nikamwambia. "Habari za safari? Chakula kipo."

Alinitazama akingoja niendelee, na mimi sikuendelea. Alinawa, akakaa mwisho wa mkeka, akala kimya kama mgeni.