Sebule ya Chini, Etterbeek

Mama mwenye nyumba alijua Kiswahili, na hicho ndicho kilichotuponza. Tulikutana naye kwenye foleni ya mkate, Etterbeek, hapa Brussels, mimi na mume wangu tukinong'ona kuhusu mkate upi utakaa siku nyingi bila kukauka. Mwanamke mzee wa Kizungu aliyekuwa mbele yetu akageuka, macho yakimng'aa.

"Nyinyi batu ya Kivu!" akasema.

Marehemu mume wake alikuwa na shamba la kahawa juu ya Bukavu kabla ya uhuru. Tulipofika mlangoni mwa duka alikuwa ameshatuambia kwamba ana nafasi nyumbani kwake, na kwamba watu wa Kivu kwake ni kama watoto. Mimi nilikuwa mama wa mtu, nimepita thelathini, na neno hilo lilinichoma papo hapo. Lakini wakati ule tulikuwa tunalala sebuleni kwa dada ya mume wangu, na binti yetu alikuwa ameanza kuomba ruhusa kabla ya kufungua bomba la maji. Kwa hiyo tukaenda.

Nafasi yenyewe ilikuwa kave, kama Wakongo wa Brussels tunavyokiita chumba cha chini ya ardhi. Dari lilikuwa chini hivi kwamba mume wangu alitembea ameinama hata pale ambapo kichwa kingepita. Kuta zilitoa jasho. Bomba la maji machafu lilipita juu ya mahali pa kuweka kitanda. Mtu wa juu akienda chooni, sisi tulijua. Dirisha lilikuwa na ukubwa wa sinia, usawa wa barabara, na kupitia hapo tuliona viatu vya watu na magurudumu ya vigari vya watoto. Nyuma, ukipita mlango wa mbao, palikuwa na stoo ya zamani ya makaa ya mawe, giza tupu. Binti yetu alizunguka mara moja, akauliza nyumba yenyewe iko wapi.

Mume wangu, aliyekuwa mwalimu kule nyumbani, wakati huo alisafisha ofisi karibu na Schuman. Mimi niliwatunza wazee majumbani mwao. Mmoja wao alikuwa na rundo la majarida ya nyumba nzuri, na siku moja, nikingoja supu yake ipoe, nilifungua ukurasa wa kave. Watu wa kwenye picha walikuwa na sebule nyingine juu. Kave yao ilikuwa ya starehe: baa ndogo, viti vya ngozi, mwanamume anacheka na chupa ya mvinyo mkononi. Wao walishuka chini kucheza, kisha wakapanda juu kulala. Nilikasirika nusura niutupe ule mrundo wote. Halafu nikamwomba mzee ukurasa ule, nikaukunja nikauweka mfukoni, kwa sababu mawazo yenyewe yalikuwa mazuri.

Tulianza na unyevu. Chumba chenye unyevu hakipambwi. Ukipaka rangi juu ya ukungu, ukungu unarudi na rangi inabanduka. Tulikwangua kuta, tukaziosha kwa maji ya javel, yale makali ya kutoa madoa, hadi macho yakawasha, tukaacha dirisha wazi tukavaa makoti ndani. Zilipokauka nilikataa rangi nyeupe. Nyeupe bila jua ni kijivu. Nilichagua manjano ya ndizi iliyoiva, na lile dari ndilo nililolipaka jeupe, nikaiteremsha nyeupe hiyo kiganja kimoja ukutani, ili jicho lidhani dari limepanda. Lilidanganyika kweli. Hata mume wangu akaanza kunyoosha shingo.

Kwenye ofisi zake walikuwa wanabadilisha mazulia, yale ya vipande vya mraba. Aliomba yaliyong'olewa, akapewa, akayaleta kwa metro kwenye kigari cha sokoni, safari baada ya safari, bluu yenye madoa ya kahawa ya wakubwa. Tuliweka mbao chini, zulia juu, madoa tukayaficha chini ya kanape, yaani kochi letu. Kanape yenyewe tuliiokota kando ya barabara siku ya kutupa vyombo vikubwa. Mume wangu akaikata miguu kwa msumeno, maana dari la chini linataka viti vya chini. Ile shofaji kubwa iliyopasha joto nyumba nzima, na kuguruma kama lori, tuliifungia pazia la kitenge, mbali kidogo lisiungue. Dirisha nalo nikalipa pazia refu kutoka darini hadi sakafuni, kana kwamba nyuma yake kuna dirisha la maana.

Kioo kilitoka kwa rafiki yangu aliyesuka nywele kwenye Galerie d'Ixelles, kule Matonge, mtaa wa Wakongo. Kilikuwa kikubwa, kimepasuka pembeni, na wateja walikuwa wameanza kukilalamikia. Tulikibeba kwa miguu kutoka Matonge hadi Etterbeek, na njiani watu walisimama mbele yetu kurekebisha kofia zao. Tulikisimamisha kuelekea dirisha. Mchana kililamba mwanga wote mdogo uliokuwepo na kuutupa chumbani. Balbu ya katikati niliiondoa, nikaweka taa ndogo ndogo pembeni, chini. Siku binti yetu alipoomba kumleta rafiki yake wa shule, nikajua kazi imekwisha.

Na hapo ndipo mama mwenye nyumba alipoteremka.

Lazima nieleze Kiswahili chake. Kilikuwa chepesi, cha haraka, na chote kilikuwa cha amri. Leta. Ondoa. Fanya mbio. Funga mlango. Miaka yote aliyokaa Kivu hakujifunza pole, hakujifunza hodi. Alikuwa na ufunguo wake, akaingia.

"Muzuri sana!" akasema, akizunguka na kugusagusa. "Kama barza yetu ya kule!"

Jumapili iliyofuata nilikuwa ninapiga pasi nimevaa gauni la ndani, binti yuko chini anachora, mlango ukafunguka. Mama mwenye nyumba aliingia na wazee wenzake waliowahi kuishi Kongo, wanawake kwa wanaume, wakinukia manukato na chakula cha mchana. Nilivuta kitambaa cha meza nikajifunika.

"Simama, mutoto," akamwambia binti yangu. "Sema 'Jambo!'"

Binti yangu akasimama. Akasema, "Jambo." Wakapiga makofi.

Wakakaa kwenye kanape yetu. Walikuwa wamekuja na chupa. Mama mwenye nyumba akamgeukia mume wangu: "Leta bilauri." Na mume wangu, mwalimu, mtu ambaye kule darasa zima lilimwamkia kwa kusimama, alikwenda akaleta bilauri.

Walipoondoka nilimgeukia mume wangu.

"Juu ya nini umemuletea bilauri?" nikamuuliza.

"Ni mumama muzee. Na nyumba ni yake."

"Nyumba ni yake, bon. Na kanape? Na mutoto?"

"Punguza sauti, batasikia."

"Basikie!"

Tulikaa siku nyingi tukiongea kupitia mtoto tu. Mwambie papa chumvi iko pale. Mwambie maman naenda kazini. Nilimkasirikia mume wangu kuliko nilivyomkasirikia yule mwanamke, kwa sababu yeye alikuwa karibu.

Kisha jioni moja mama mwenye nyumba akateremka tena, safari hii na futi ya kupimia. Hakutusalimu. Alipima ukuta wa manjano, akapima juu ya kanape, akaanza kuonyesha kwa kidole.

"Weka hapa masque ya mbao na mikuki ya bwana. Weka pale ngozi ya chui. Acha kanape. Ondoa kitanda. Nyinyi, lala nyuma, kwa makaa." Akanitazama, akatabasamu kweli, kama mtu anayetoa zawadi. "Na wewe, paka rangi kule. Wewe unajua."

Nilikuwa na sahani mkononi. Niliiweka chini polepole, maana nilijua nikiendelea kuishika itaruka.

"Mama, unisikilize," nikasema. "Ulitupa shimo, tukalifanya nyumba. Unaingia bila hodi, mimi niko na gauni ya ndani. Unamusimamisha mutoto wangu kama mubwa wa kuchezesha, na jina yake haujauliza hata siku moja. Unasema unapenda batu ya Kivu. Donc sisi ni nani? Kule kwa makaa, ulale weye na chui yako!"

Alikunja uso. Hakuwa amekasirika. Hakuwa ameelewa. Maneno yalikuwa mengi, na hakuna hata moja kati yake lililokuwa jibu la amri. Akamgeukia mume wangu.

"Anasema nini?"

Nilimwangalia mume wangu. Nilingoja aseme kwamba nimechoka, kwamba mke wake anashukuru, lakini... Alijinyoosha, kichwa kikagusa dari jeupe. Akaanza kutafsiri kwa Kifaransa chake cha darasani, taratibu, kila neno mahali pake, madame hapa na madame pale. Shimo. Hodi. Gauni la ndani. Mbwa wa kuchezesha. Alipofika kwenye chui nilidhani ataliruka neno hilo. Hakuliruka. Alimaliza, kisha akaongeza la kwake: jina la binti yetu, na umri wake, na kwamba anaitwa kwa jina hilo.

Yule mama akawa mwekundu mpaka shingoni. "Baada ya yote niliyowafanyia," akasema kwa Kifaransa, akapanda ngazi akishikilia ukuta. Sikumsikia tena akisema Kiswahili.

Tulipata fleti Schaerbeek, ghorofa ya juu kabisa, nyumba isiyo na lifti. Siku ya kuhama alisimama juu ya ngazi akisema kanape ibaki. Mume wangu alimjibu bonjour, akaipitisha mbele yake. Tulibeba mazulia, kipande kwa kipande. Tulibeba mapazia, taa, kioo, mbao za sakafuni. Lakini rangi haibebeki. Nilisimama mbele ya ukuta ule na kwangio mkononi, tayari kuurudisha ulivyokuwa, na mume wangu akanishika kiwiko, akasema gari linangoja. Mpaka leo najuta kumsikiliza. Baadaye yule rafiki yangu msusi alinisimulia kwamba mteja wake alienda kuosha vyombo pale siku ya karamu, akakuta mikuki na ngozi ukutani, na wageni wanamsifu mama mwenye nyumba kwa jicho lake la rangi.

Fleti mpya ilikuwa na jua kila upande, na mimi sikuigusa. Kioo kiligeuzwa uso ukutani. Mapazia yalibaki kwenye mifuko. Mume wangu alileta vitabu vya rangi za kuchagua, akaviacha mezani nivione. Nikaviweka juu ya kabati. Alisema, safari hii hakuna mtu mwenye ufunguo wetu. Nikamwambia hata yule wa kwanza hatukumpa ufunguo. Tuliishi hivyo msimu mzima wa baridi, kuta tupu, balbu tupu, na sauti zetu zikirudi kutoka pembeni kama tuko kituo cha treni.

Siku moja nilirudi kutoka kwa wazee wangu nikakuta binti amechora ukuta wa sebuleni kwa chaki za rangi: gari, ng'ombe, mwanamke mwenye mikono mirefu kuliko mwili. Aliponiona akasimama wima haraka, chaki nyuma ya mgongo, vile vile alivyosimama siku ile ya wageni. Hilo lilinikata.

"Kaa," nikamwambia. "Kaa chini, endelea."

Hakuniamini. Ilibidi nivue viatu, nikae sakafuni na koti langu, nichukue chaki ya kijani. Nilimuuliza ng'ombe wake anakula nini, akasema ng'ombe hajaamua, basi nikaanza kumchorea nyasi ukutani, achague mwenyewe.