Mpira wa Moshi

Mwaka wa kumi na moja sasa Mama Deki alikuwa akisafisha kituo cha zimamoto, na jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kila asubuhi dereva aliwasha gari kubwa robo saa nzima, lisije likagoma king'ora kikilia. Aliliwashia ndani, milango imefungwa, maana bosi hakutaka vumbi kwenye sakafu yake. Moshi ulipanda ngazi mpaka chumba cha vijana wa zamu. Mama Deki alifuta masizi ukutani. Kesho yake yapo palepale.

Darini ulining'inia mpira mnene wa kuvuta moshi wa ekzosi na kuutoa nje, umefungwa kamba. Kuuchomeka ni kuchelewa, walisema.

Daktari alimwambia kifua chake kimechoka na moshi, akiendelea hivyo hatapona. Mama Deki akaenda kwa bosi.

"Mama, si unapikia mkaa nyumbani?"

"Napikia gesi, bosi. Mwaka wa nne huu."

"Basi ni umri."

Vijana wakacheka, huku wakikohoa. Kikohozi chao wao kiliitwa mafua.

Siku ya mkaguzi wa usalama kazini, mpira ukashushwa. Nani wa kuusugua? Mama Deki, magoti chini.

"Ukiulizwa, sema unatumika kila siku," bosi alimnong'oneza. "Sawa, mama yangu?"

Mama yangu! Juzi tu alikuwa "wewe wa ndoo".

Mkaguzi alimsikiliza bosi mpaka mwisho, kisha akamgeukia yeye. "Ni kweli, mama?"

Akifukuzwa, nani atamchukua mama wa makamo, asiyejua kusoma, anayekohoa? Lakini hata kudanganya kunataka pumzi, na yeye pumzi hakuwa nayo.

"Mwambie dereva auchomeke," alisema.

Dereva akausukuma mpira kwenye ekzosi, akauzungusha, akaupiga kofi kama punda mkaidi. Wapi! Ulinunuliwa kwa ajili ya gari la zamani; ekzosi ya hili jipya ni pana zaidi. Miaka mitatu tangu lije hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyejaribu. Mama Deki alijua tangu asubuhi ile alipousugua. Mikono iliyosugua mpira na ekzosi haikuhitaji shule kujua kipi hakiingii wapi.

Mkaguzi akaandika: mpaka upatikane mpira mwingine, gari liwashiwe nje.

"Umenivua nguo mbele ya watu," bosi alimwambia walipobaki wawili. Kumfukuza hakuthubutu, mkaguzi angerudi. "Na sakafu nataka ing'ae vilevile!"

Kesho yake gari lilinguruma uani. Milango ilikuwa wazi, vumbi likaingia lote. Kabla ya chai alikuwa amepiga deki mara mbili, kiuno kinawaka moto. Kijana mmoja akapita na mabuti yake, akaacha nyayo mlango hadi mlango.

"Pole, Mama Deki."

"Pole haipigi deki," alimjibu, akakamua tambara, akaanza upya.