Alichomfundisha Mkwewe

Hospitalini walimwita Mama Povu, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa dobi. Kwa miaka ishirini na mbili alifua mashuka ya wodi zote, na alijigamba kwamba mgonjwa anaweza kumficha daktari, hawezi kumficha dobi. Iodini, usaha, matapishi, kila doa alilijua na dawa yake. "Damu haitaki maji ya moto," aliwafundisha vibarua wapya. "Ukiitia moto umeipika, itang'ang'ania nguo mpaka kiama."

Alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja alikuwa fundi umeme, kijana wa maneno matamu. Taa ya jirani ikizimika, alikwenda kuitengeneza kwa kicheko na hakudai hata nauli. Mke wa kijana huyo alifundisha chekechea. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mkwe alikuja na foronya ndani ya mfuko, akauliza bila kuinua macho damu inatolewaje.

Mama Povu hakuuliza damu ya nani. "Maji baridi na chumvi, mwanangu. Usifikiche kwa nguvu."

Mara ya pili ilikuwa blauzi. Mara ya tatu ilikuwa shuka, na siku hiyo mkwe alishindwa kukaa kitini sawasawa. Mama Povu alimpimia chumvi, akajiambia kuwa ya chumbani hayana shahidi. Marehemu mumewe naye alikuwa na mkono mwepesi, na mama yake mzazi alimpa maneno mawili tu: vumilia, utazoea. Alivumilia. Kuzoea hakuzoea, ila hilo hakumwambia mtu.

Mwaka wa nne, Jumamosi moja mchana, mkwe aliingia na mtoto mgongoni, mdomo umevimba, shingoni alama za vidole.

"Mama, leo sikuja kuuliza chumvi. Mwanao nikimwambia sitaki, ananikaba mpaka ninyamaze. Kisha anafanya anachotaka. Si mara moja, si mara mbili."

Mama Povu alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa cha mama yake. "Kwani ulimfanya nini?"

Mkwe alikaza mbeleko, akageuka mlangoni. Mgongo ule wa kuondoka ndio uliomshtua Mama Povu kuliko alama za shingoni.

"Ngoja. Nimesema upumbavu. Kaa, mwanangu. Nakuamini." Akatafuta maneno mengine, hayakuwepo. "Nimekuamini tangu ile foronya. Ndiyo aibu yangu."

Alitoka uani, akampigia simu muuguzi wa wodi ya wanawake, rafiki yake wa kazini. Muuguzi hakuwa mtu wa maneno mengi. "Usimuulize kwa nini alikaa. Usimwamulie. Muulize anataka nini, umfuate. Lakini mwambie asichelewe kwenda kwa daktari, na nguo zisioshwe."

Aliporudi ndani, mkwe alikuwa kainama juu ya beseni, gauni la jana alilolitoa mkobani likiwa mkononi.

"Usiloweke!" Mama Povu alipiga ukelele, kisha akashusha sauti. "Hilo lisiguse maji. Tutalitia kwenye mfuko wa karatasi kama lilivyo. Kwenda polisi au kutokwenda, utasema wewe."

Mkwe aliliondoa gauni juu ya beseni. "Twende," alisema.

Fundi umeme alikamatwa Jumatatu, juu ya ngazi, akifunga taa ya duka. Jioni ile shemeji mkubwa, kaka wa marehemu, alikuja na wazee wawili. Hawakugusa chai.

"Shemeji, mtoto akikunyea mkononi, mkono haukatwi. Unanawa."

"Huyu ana miaka thelathini na mmoja, shemeji. Na mimi nimemnawia vya kutosha."

"Utamtoa mwanao kwa ajili ya mtu wa kuja?"

"Mtu wa kuja ndiye aliyekabwa."

Waliondoka, na tangu siku hiyo hakuna wa ukoo aliyekanyaga kwake. Bombani wanawake walinyamaza akifika. Hata aliyekuwa akitengenezewa taa bure alitema mate pembeni, akasema kikulacho ki nguoni mwako.

Mahakamani, wakili wa mwanawe alimngojea kama paka. "Mama, unasema mshtakiwa alimpiga mkewe miaka minne. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulifanya nini?"

Mkwe alikuwa benchi la mbele. Mama Povu hakuweza kumtazama. "Nilimfundisha kufua."

Kuna aliyecheka huko nyuma. Hakimu alisema kipigo kimethibitika, lakini lile jingine, la mume na mke kitandani, ushahidi wake hautoshi. Miezi tisa. Gauni lilirudishwa ndani ya mfuko ule ule, na mkwe alikataa kulipokea.

Mama Povu alikwenda gerezani mara tatu. Mara zote askari alirudi na jibu moja: mfungwa anasema hana mama.

Mkwe alihamia mtaa mwingine, asitaje ni upi. Walikutana mbele ya lango la chekechea, mara moja kwa mwezi, bibi ambebe mjukuu. Siku moja mkwe alimwambia kwa upole, na upole ule ulimchoma, "Nakushukuru kwa ile Jumamosi, mama. Lakini ile miaka minne sijui niiweke wapi."

Mama Povu alikuwa na utetezi mwingi, kuhusu mumewe na mama yake, akaumeza.

Kisha mkwe akaanza kwenda kwenye kikundi cha wanawake waliotendewa kama yeye, kila Alhamisi saa kumi, kwenye chumba nyuma ya zahanati. Akamwomba amshikie mtoto. Mama Povu alifika mapema, amevaa gauni la kutokea, akidhani ataingia. Mkwe alisimama mlangoni.

"Utakaa naye hapa nje, mama. Humo ndani tunakusema na wewe."

"Msiseme nusu," alijibu Mama Povu. Akampokea mtoto, akaketi barazani. Mlango ukafungwa.